Siku Nilipoifuta Folda ya Renatus

Mimi nilikwenda chuo kikuu, nikasoma, nikafaulu, nikarudi Mwanza nikiwa na hakika kwamba wivu ni ugonjwa wa watu wasiopenda kufikiri. Kwa hiyo mkisikia kwamba mimi huyu huyu nilisimama mbele ya wenye viwanda vya samaki nikafuta kazi ya mwezi mzima ya mwenzangu, tena nikaifuta huku natabasamu, msijisumbue kuuliza kama ni kweli. Ni kweli. Nilikuwepo. Hata gauni nililovaa nalikumbuka, la kitenge cha kijani, nililishonesha kwa ajili ya siku hiyo, na kesho yake nikampelekea mdogo wangu kule Magu, ambaye mpaka leo hajui kwa nini alipewa nguo iliyovaliwa mara moja tu.

Nianze na Renatus, kwa sababu wakati ule kila kitu ofisini kwetu kilianza na Renatus.

Tulikuwa wawili tunaofanya kazi za kompyuta kwa Mzee Lalji. Huyu mzee alizaliwa Mwanza, na aliuza madaftari na mashine za kuandikia tangu enzi za foleni ya sukari, halafu milango ya biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaanza kuagiza chochote anachotaka, akajaza duka kompyuta, na mwishoni mwa miaka ya tisini akasikia kuna kitu kinaitwa tovuti, akasema na yeye anataka. Akaniajiri mimi kwa digrii yangu. Mwezi uliofuata akamwajiri Renatus, kijana wa Ukerewe, kidato cha nne na kozi ya miezi sita ya Nairobi, basi.

Na watu wakampenda yeye. Mimi nilisalimiwa, yeye alipendwa. Karani wa dukani alimwekea chai, mlinzi alimbebea baiskeli ngazini, hata mbwa wa mlinzi, ambaye mimi alinibwekea kila asubuhi kama vile hajawahi kuniona, alimlalia miguuni. Kilichoniuma zaidi ni kwamba Renatus hakuuliza maswali. Mimi nauliza kwa nini hiki, kwa nini kile, nani kasema, una ushahidi gani (baba yangu alikuwa akisema nikifika mbinguni nitaomba kwanza kuona hati ya kiwanja), na yeye anakaa pale anapiga mluzi, anagusa vitu, na vitu vinafanya kazi. Siku moja nilimsikia Mzee Lalji akimwambia mteja, "Kabula anauliza, Renatus anatengeneza." Mteja akacheka. Nikalibeba lile neno nyumbani, nikalala nalo.

Sasa Mzee Lalji alikuwa na mpwa wake Bombay mwenye kampuni ya kompyuta, na mpwa alikubali kumpokea mtu mmoja kutoka Mwanza akafundishwe miezi sita. Mmoja. Mzee akatuita wote wawili, akasema ataamua baada ya onyesho la tovuti yetu, siku ambayo wenye viwanda vya minofu ya sangara wangekuja kuona jinsi mnunuzi wa Ulaya anavyoweza kuangalia bei na picha za viwanda vyao bila kupanda ndege. Renatus alipotoka pale alinipa mkono, akasema, "Tukazane, dada Kabula, mmoja wetu ataona bahari ya watu." Mimi nikautazama ule mkono nikajiuliza anautoa kwa nini.

Kazi tuliigawana. Mimi nilitengeneza programu ya bei, yeye picha: alizunguka viwandani akapiga picha, akazisafisha, akaziingiza kwenye mashine kwa skana moja baada ya nyingine, mwezi mzima.

Ofisini kulikuwa na sheria ya Mzee, aliyoitoa dukani kwake: kabla hujaondoka unaandika kwenye kaunta buku ulichokifanya siku hiyo. Mimi niliandika nusu ukurasa, kwa aya. Renatus aliandika mstari mmoja. Na Mzee alipita asubuhi akiweka alama ya vema kwa wino mwekundu. Basi siku moja, wiki ile ya onyesho (hapa ndipo naona aibu hata mbele ya aibu yenyewe), nilifungua kaunta buku nihesabu nani ana alama nyingi zaidi, mimi au yeye.

Alikuwa ameniacha mbali. Lakini katika kuhesabu nikaona kitu. Kila siku, kila siku ya Mungu, mstari wake ulikuwa huu: "Saa 11 jioni. Nimeizima programu ya seva, nimeiwasha tena. Nafasi imerudi. R."

Damu ikanipanda. Kumbe kila jioni nikishaondoka huyu bwana anazima programu inayohudumia kurasa, ambayo ndani yake kuna kazi yangu! Nani kamtuma? Anataka nini? Bila shaka anataka siku moja isiwake, Mzee aseme kazi ya Kabula ina kasoro. Mimi niliyejisifu kwamba nauliza kila kitu, niliuliza maswali kumi kuhusu sentensi ya kwanza na sikuuliza hata moja kuhusu ile ya pili. Nafasi gani? Imerudi kutoka wapi? Iliondokaje? Mwanafunzi wa darasa la tano angeuliza.

Nikabeba kaunta buku mpaka mezani kwa Mzee Lalji.

"Mwangaluka, binti," akanisalimu. Kisukuma chake ni kizuri kuliko changu, na hilo nalo lilikuwa linaniudhi.

"Mwangaluka, Mzee. Shikamoo. Kuna jambo naomba ulione."

"Marahaba. Miwani nimeiacha nyumbani. Nisomee."

Nikamsomea. Nikaweka kidole kwenye mstari, kama mtu anayejisaidia kusoma, na kidole kikakaa juu ya yale maneno mawili ya mwisho. Sijui kama nilidhamiria. Nimejiuliza miaka yote hii na jibu linabadilika kulingana na jinsi nilivyolala. "Nimeizima programu ya seva, nimeiwasha tena," nikasoma, nikafunga kitabu. "Kila siku, Mzee. Bila kuniambia."

Mzee akamwita Renatus, akasema bila kugomba kwamba kuanzia saa hiyo mpaka onyesho lipite, seva asiiguse mtu isipokuwa Kabula.

"Sawa, Mzee," Renatus akajibu. Akanigeukia. "Ila dada Kabula, jioni usisahau..."

"Sitasahau, asante," nikamkata. Sikujua hata ni kitu gani ambacho sitakisahau.

Mkitaka kuelewa kilichofuata, lazima niwaambie jinsi nilivyokuwa nafanya kazi. Kila nikibadilisha kitu kwenye programu yangu, nilikuwa napandisha toleo jipya lote kwenye seva, na seva inalifungua, inalitumia, inalifuta la zamani. Watu wenye akili hubadilisha vitu vingi kwanza, halafu hupandisha mara moja tu. Mimi nilipandisha toleo kwa kila kitufe, kila rangi, kila nukta, kwa sababu kila ukipandisha kulikuwa na taa ndogo inawaka kwenye mashine, na Mzee akipita anaiona, anasema, "Kabula yuko kazini." Kwa ajili ya ile taa nilipandisha matoleo kama mtu anayeongeza chumvi mbogani bila kuonja.

Siku ya nne mashine ikaanza kulalamika kwamba diski inakaribia kujaa. Nikashangaa. Nikajumlisha ukubwa wa mafaili yote, folda kwa folda, nikapata hayafiki hata nusu ya diski. Nikajumlisha tena. Nusu haifiki. Mashine inasema nimeshiba, ukipekua tumbo hukuti chakula. Nikafuta faili la kumbukumbu ambalo lilikuwa limenenepa kama nguruwe. Faili likapotea kwenye orodha, lakini nafasi haikuongezeka hata chembe. Hapo ndipo mtu aliyesoma anatakiwa kukaa chini na kusema, kuna jambo silijui. Mimi nikasema, kuna mtu ananificha kitu. Na macho yangu yakaanguka kwenye folda iliyoandikwa RENATUS, folda nene kuliko zote zilizobaki. Sikuifungua. Ya nini kuifungua? Nilijua ni miziki yake ya dansi.

Siku ya onyesho ikafika. Chumba cha juu ya duka kilijaa viti vya kukodi, televisheni kubwa imeunganishwa na kompyuta, sambusa zimefunikwa kwa kitambaa. Wenye viwanda walikaa nyuma, na mbele kabisa alikaa Mama Getruda, mwenye mitumbwi mingi kuliko mtu yeyote niliyemfahamu, anayeviuzia viwanda sangara, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu aliye upande wa pili wa maji. Mgeni rasmi, mwenye kiwanda kikubwa kuliko vyote, alikuwa anatokea Sengerema. Tungeanza saa nne. Saa nne ikaja simu: kivuko kimechelewa, yuko Busisi kwenye foleni, Kigongo, ng'ambo ya huku kwetu, anaiona kwa macho tu.

Mtu mwingine angekaa akanywa soda. Mimi nikaona Renatus amesimama kule nyuma anawachekesha wageni, Mama Getruda anajipiga mapaja kwa kicheko, Mzee Lalji naye anacheka, nikasema moyoni, subirini. Nikakaa kwenye mashine nikaanza kupamba. Nikaweka maneno ya kumkaribisha mgeni rasmi. Toleo jipya. Nikayapaka rangi ya bluu. Toleo jipya. Nikaona bluu imezidi. Toleo jipya. Saa mbili nzima mgeni anasubiri kivuko, na mimi naijaza diski huku taa inawaka.

Mgeni akafika saa sita na vumbi lake. Mzee Lalji akasema maneno mafupi, akasema, "Sasa binti yetu msomi atatuonyesha." Nikainuka, nikalitengeneza gauni, nikabonyeza.

Televisheni kubwa ikaandika kwa herufi nyeupe: hakuna nafasi kwenye diski.

"Ndiyo hiyo tovuti?" Mama Getruda akauliza.

"Hapana, mama, subiri kidogo." Nikabonyeza tena. Hakuna nafasi. Jasho likaanza kutoka mahali ambapo sikujua mtu anatoka jasho.

Renatus akasogea taratibu mpaka ubavuni kwangu. "Dada, niruhusu niizime na kuiwasha. Dakika moja tu."

Na hapo, badala ya kusema ndiyo, nikageukia watu. Mpaka leo sijui nani alinipa ile sauti. "Wageni wetu, mtuwie radhi," nikasema. "Mashine hii ni ya kazi, lakini kuna wengine wetu wanaitumia kama sanduku la miziki yao. Nitaondoa uchafu, halafu tutaendelea." Nikaionyesha kwenye televisheni ile folda, jina lake likiwa kubwa kama bango, RENATUS, ili kila mtu alisome. Nikamsikia akisema nyuma yangu, "Dada, ngoja, hiyo usi..." Nikaifuta. Natabasamu.

Nafasi kidogo ikapatikana. Nikabonyeza, na tovuti ikafunguka! Rangi ya bluu, karibu mgeni rasmi, bei za minofu zimejipanga. Watu wakapiga makofi, na mimi nikamtazama Renatus kwa jicho moja hivi ambalo naomba Mungu alisahau. Kisha nikafungua ukurasa wa viwanda.

Maboksi matupu. Safu kwa safu, kila boksi lina alama ya msalaba, na chini yake jina la kiwanda.

Mgeni rasmi akainuka, akasogea karibu na televisheni, akainama. "Kiwanda changu kiko wapi?"

Nikabonyeza tena. Maboksi yakabaki matupu.

"Zilikuwa kwenye folda yangu, dada," Renatus akasema polepole, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. "Skana inaziweka huko."

"Kumbe kakifuta!" Mama Getruda akapaza sauti. "Jamani, binti kafuta viwanda vyote vya Mwanza kwa kidole kimoja! Serikali yenyewe haijaweza!"

Chumba kikalipuka. Na kama vile mashine nayo ilitaka kucheka, tovuti ikazimika, zikarudi zile herufi nyeupe, hakuna nafasi. Nafasi niliyoipata kwa kufuta mwezi mzima wa mtu ilikuwa imeshaliwa.

"Renatus," Mzee Lalji akasema. "Fanya ulichotaka kufanya."

"Lakini Mzee, ndiyo hiyo tabia yake ya kuizi..."

"Kabula. Mwache."

Nikasogea. Renatus hakukaa hata kwenye kiti, aliinama tu, akaizima programu ya seva, akahesabu pole pole mpaka kumi, akaiwasha. Akaiuliza mashine kuhusu diski. Zaidi ya nusu ilikuwa tupu. Halafu akatoa chini ya meza mfuko wa nailoni umejaa flopi, zimeandikwa kwa kalamu majina ya viwanda, akaanza kuzirudisha picha moja moja, na kila kiwanda kikitokea kwenye televisheni wageni wanashangilia kama mpira umeingia golini. Wenye viwanda wakawa wanasubiri zamu zao. Onyesho likawa zuri kuliko tulivyopanga. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika sahani ya sambusa ambayo hakuna aliyenituma niishike.

Wakati watu wanakula, Mzee Lalji akaja na kaunta buku. Miwani ilikuwa puani, siku hiyo hakuisahau, lakini kitabu akanipa mimi.

"Nisomee tena ule mstari. Kwa sauti. Na kidole chako tia mfukoni."

Gauni langu halikuwa na mfuko. Nikaficha mkono mgongoni kama mtoto wa shule, nikasoma mbele ya wote: "Saa kumi na moja jioni. Nimeizima programu ya seva, nimeiwasha tena. Nafasi imerudi."

"Nafasi gani hiyo?" Mama Getruda akauliza, sambusa mdomoni. Aliuliza mara ya kwanza tu alipolisikia, yeye ambaye shule aliiacha darasa la nne.

Renatus akamweleza, na mimi nikasikiliza kwa masikio yanayowaka. Kwamba dada akipandisha toleo jipya, seva inafuta la zamani, lakini programu inakuwa bado imelishikilia. Ni kama kufuta jina la mtu kwenye orodha ya wageni wakati mwenyewe bado amekalia kiti: kwenye orodha hayupo, kiti hakiko wazi. Ndiyo maana ukijumlisha mafaili huyaoni, na diski imejaa. Mpaka uizime programu ndipo wote wanainuka.

"Sasa kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini bado ilikuwa na ukali ndani yake. Wivu haujui kwamba umeshindwa.

"Niliandika, dada. Kila siku. Nilidhani unasoma."

"Na kwa nini ulikuwa unasafisha uchafu wangu?"

Akanitazama kama vile hilo ndilo swali la ajabu kuliko yote niliyowahi kuuliza. "Kwetu, mkifika nchi kavu, anayeshuka mwisho ndiye anayechota maji mtumbwini. Haulizi yameingilia upande wa nani. Mimi ndiye nilikuwa naondoka mwisho."

Mama Getruda akatikisa kichwa, akanitazama kuanzia kitenge mpaka viatu. "Na huyu msomi ndiye aliyewakataza watu wasichote."

Renatus alikwenda Bombay. Tulimsindikiza uwanja wa ndege sote, mbwa alibaki langoni akilia, na mimi nilimpa mkono, safari hii wa kwanza kuutoa nikiwa mimi. Nilimwomba radhi pia. Akasema, "Yamepita, dada," na nikaona wazi kwamba kwake yalikuwa yamepita kweli, nikamwonea wivu hata kwa hilo.

Sitawadanganya kwamba nilipona. Lakini niliapa, na kiapo sijakivunja: maneno ya mtu ninayemwonea wivu nitayasoma mara mbili, mpaka nukta ya mwisho, mikono yote miwili ikiwa mgongoni. Jioni ile ile ya uwanja wa ndege nilirudi ofisini, nikasubiri karani aondoke, nikaizima programu, nikahesabu kumi, nikaiwasha, nikaandika mstari mmoja tu kwenye kaunta buku. Asubuhi Mzee akaweka vema ya wino mwekundu.

Ofisini mambo yakaishia hapo, lakini mitaani hadithi ilibaki. Mama Getruda alihakikisha. Mpaka leo nikipita sokoni kununua samaki, wanawake wa mezani wanafunika mabeseni yao kwa mikono miwili na kuitana, "Funikeni, jamani, Mama Futa huyo anapita!" Na mimi nacheka nao, nanunua sangara wangu, na kabla sijalipa namwomba mwenye beseni arudie alichosema, nasubiri mpaka amalize neno la mwisho.